Kiti cha Papa Tani

Barthélemy, fundi wa viti vya magari pale Shituru, mjini Likasi, alikuwa na sheria moja katika karakana yake, na aliipenda kuliko mkewe, kama mkewe mwenyewe alivyozoea kusema. Kiti hakifunguliwi mpaka mwenye gari awe amesimama hapo, anaona. Mafundi wengine walifungua viti kwa siri, wakachomoa singa za farasi zilizotiwa kiwandani Ulaya, wakajaza takataka, kisha wakashona juu vizuri kabisa. Barthélemy alisema yeye si wa namna hiyo. Alilisema mara nyingi sana, na mtu akilisema jambo mara nyingi hivyo, ujue lina mzizi mahali.

Asubuhi hiyo ya mwaka 1984 mbele yake ilisimama Peugeot 403 ya Papa Germain. Ilikuwa imelala chini ya mabati miaka minane, na sasa ilikuwa inafufuliwa. Cyrille, fundi wa bodi, alikuwa amekwisha kuinyoosha na kuipaka rangi ya kijivu. Injini ilikuwa inaitika. Jumamosi Anne, binti wa Papa Germain, angepelekwa nayo kanisani kufunga ndoa. Kilichobaki ni viti, na hasa kile cha dereva, kilichobonyea mpaka kikakaribia sakafu.

Kiti hicho mji mzima ulikijua. Zamani Papa Germain alipopita na gari lake, kilichoonekana dirishani ni kofia na macho tu, na watoto wa mtaa walipiga kelele, "Papa Tani anapita!" Jina lilimganda mpaka kazini, kwenye mizani ya kiwanda, alikopima malori ya mawe ya shaba. Mpima tani akaitwa Tani, watu wakacheka wakashiba. Mwishowe aliliacha gari, akawa anakwenda kazini kwa miguu, mvua na jua.

Na aliyelitunga jina hilo ni Barthélemy. Isitoshe, alijua vizuri kilichomo ndani ya kiti kile, na tangu asubuhi alikuwa akitafuta namna ya kumwondoa Papa Germain pamoja na mkewe Clotilde kabla ya kukifungua.

"Papa, muende tu nyumbani," alisema. "Mutarudia kesho. Kazi iko mingi."

"Na sheria yako?" Papa Germain akauliza, akitabasamu. "Bantu yote ya Likasi banaijua. Fungua. Tuko naangalia."

Clotilde alikuwa amekwisha kuketi juu ya debe la rangi, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja misa. Barthélemy akaona mtego wake mwenyewe umemnasa. Akashika kisu.

Alikata mshono wa chini, fundo baada ya fundo, na kila fundo alilitambua kwa kuwa alilifunga yeye. Akavua ngozi. Singa hazikuwamo. Palikuwa na gunia la unga lililojazwa majani makavu, yale marefu yanayoota kando ya reli, nayo yalikuwa yamekwisha kuwa vumbi. Akaliondoa gunia. Kiti cha 403 huwa na springi safu kwa safu, lakini hiki kilibaki na mbili tu, huko pembeni. Katikati palikuwa na shimo, na ncha za waya zilizokatwa kwa koleo.

"Hii ni nini?" Clotilde akauliza.

Ilikuwa mwaka 1973. Mkubwa mmoja wa chama tawala alitaka Mercedes yake itengenezwe viti kabla ya gwaride, ambalo lilikuwa kesho yake. Alituma mtu aseme kwamba yeye asipokaa vizuri siku hiyo, Barthélemy atakwenda kukaa vibaya mahali pengine. Mjini hapakuwa na springi wala singa. Peugeot ya Papa Germain ilikuwa hapo karakanani, imeletwa kubadilishwa ngozi tu. Barthélemy akachukua koleo. Alijiambia kwamba wiki ijayo atarudisha kila kitu. Mkubwa akahamishiwa Kinshasa na Mercedes yake, na wiki ijayo hiyo haikufika.

Woga ule angeweza kujisamehe, maana nani hakuogopa miaka ile? Asichoweza kujisamehe ni kilichofuata. Papa Germain alirudi kulalamika kwamba kiti kinazama, na wateja walikuwa wamejaa karakana. Barthélemy, kwa kuogopa kushikwa, akafanya mzaha juu ya ugali anaokula. "Papa, kiti haiko na makosa. Punguza bukari. Weye uko tani." Watu wakaangua kicheko. Papa Germain naye akacheka, huku akilishika tumbo lake kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Mwezi uliofuata ndipo ilipozaliwa ile sheria ya kufungua viti mbele ya watu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, ila usaha huu ulingoja miaka kumi na moja.

Papa Germain alikuwa ameinama juu ya shimo, anatikisa kichwa.

"Ni Augustin huyu," alisema. "Mungu amurehemu, lakini alikuwa na mukono murefu."

Augustin alikuwa fundi mwenzake Barthélemy katika karakana hiyo hiyo, na alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

"Mwizi," akasema Clotilde. "Na shiye tulilia kwa matanga yake."

Mlango wa kuponyoka ulikuwa wazi, na Barthélemy hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Macho yake yakaangukia zile nyuzi alizozikata, na fundo lile la kurudi nyuma mara mbili. Aliyemfundisha kulifunga, akimshika vidole kimoja kimoja, alikuwa Augustin.

"Haiko Augustin," akasema. "Ni minye."

Akawaeleza yote, ya mkubwa na ya koleo na ya majani. La mzaha ndilo lililomshinda. Alilianza mara tatu, akijiumauma, na alipolimaliza alikuwa anaongea na viatu vyake.

Clotilde ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo. "Ngumi moja ya bukari. Kila mangaribi nilikuwa namupimia ngumi moja. Akiomba ingine, namukatalia."

Papa Germain aliketi juu ya kizingiti. Barthélemy akamtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote, akaona mifupa ya mabega chini ya shati.

"Kule kazini tulikuwa na mizani ndogo ya magunia," Papa Germain akasema. "Siku moja nilipanda juu yake, bantu bengine hawajafika. Kilo sabini na mbili. Nikasema mizani iko na uongo. Nikaita mekanisien aitengeneze. Akaniambia mizani haiko na kitu. Minye nikabishana naye. Nikamwambia, Barthélemy anafungua kiti mbele ya mwenyewe. Muntu wa vile hawezi kunidanganya."

Barthélemy alitamani atukanwe, au apigwe. Hakuna aliyefanya hivyo.

"Shona," Papa Germain akasema, akiinuka. "Arusi ni Jumamosi."

Barthélemy alikwenda mpaka Kakanda kutafuta springi katika Peugeot iliyokufa, akazipata zote. Singa alizitoa kwenye kiti chake mwenyewe cha sebuleni, ambacho hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kukikalia. Akafunga mikanda mipya, akajaza, akashona. Ijumaa mchana alikikalia, akakirukia, akakibonyeza kwa magoti. Kilimrudisha juu kila mara. Tangu aanze kazi hakuwahi kutengeneza kiti kizuri namna ile, na kwa dakika chache akajiona mwepesi.

Papa Germain alikuja peke yake. Akafungua mlango wa gari, akashika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono mwingine, akajishusha polepole, kidogo kidogo, kama alivyojizoeza miaka ile ili kiti kisizame. Akabaki hapo, anatazama mbele. Mapaja yake yalikuwa yanatetemeka ndani ya suruali.

"Kaa, Papa," Barthélemy akasema.

"Niko nakaa."

"Kaa kabisa."

"Nimekaa, mutoto yangu. Iko muzuri sana."

Barthélemy alipiga magoti kwenye vumbi, akaingiza mkono chini ya kiti, akazipapasa springi safu kwa safu. Hata moja haikuwa imeshuka.