Kulala Kifudifudi

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Tangu alfajiri manyunyu hayakukatika, na baridi ilipenya hadi ndani ya kliniki ya watoto.

Fundi cherehani alimpakata bintiye wa miezi tisa, mama mkwe wake akiwa ameketi kando yake. Mtoto alizaliwa utumbo ukiwa nje, pembeni mwa kitovu. Madaktari wakaurudisha na kumshona siku ileile. Sasa wenzake walikuwa wakitambaa, yeye hata kujigeuza hawezi. "Ee Mungu," mama alisali kimoyomoyo, "tatizo lisiwe akili."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alificha kijiko chini ya kitambaa. Mtoto akakivuta kitambaa, akacheka.

"Akili anazo, tena za kuuza!" alisema mama mkwe.

"Akicheza mnamlaza vipi?" mtaalamu aliuliza.

"Chali," fundi alijibu. "Au nampakata."

"Kifudifudi je?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Sema, mwanangu," mama mkwe alidakia. "Mimi nikimgeuza mtoto tu, unanirukia utadhani nimemtumbukiza kisimani."

"Naogopa, dada," fundi alimwambia mtaalamu. " Kazi yangu ni kushona. Mshono ukikandamizwa kila siku, huachia."

"Ule si uzi tena," mtaalamu alisema. " Nyama imeshikana na nyama, imepona. Watoto wengi wa namna hii huchelewa kidogo, kisha huwafikia wenzao. Ila shingo na mgongo wa huyu havijawahi kupewa kazi. Mlaze wewe mwenyewe."

Fundi alimlaza mkekani kifudifudi. Mtoto akaangua kilio. Akilini mwake, mama aliona tumbo likipasuka, utumbo ukimwagika tena kama siku ile.

"Anaumia!"

"Amekasirika tu. Subiri," alisema mtaalamu.

Mama mkwe alimshika mkono asimnyakue. Mtoto akainua kichwa, kikayumba, pua ikagonga mkeka. Akainua tena.

Alipomnyanyua, fundi alilipapasa kovu mara tatu. Lilikuwa kavu, zima.

"Na asipowafikia wenzake?"

"Siwezi kukuapia, dada. Mrudishe baada ya miezi mitatu, tumwangalie. Lakini ukiendelea kumbeba tu, atachelewa zaidi."

Woga wa fundi haukuondoka. Akamtazama mtaalamu, akamtazama mama mkwe, akasema kwa sauti:

"Mungu anisikie, nanyi mnisikie. Nitamlaza kifudifudi kila siku, asubuhi na jioni, hata akilia, hata mimi nikilia."