Tipitipi Thelathini

Bibi Mwatumu alikuwa amezihesabu mwenyewe: mbegu thelathini kila kibuyu. Zikipungua, kibuyu hukohoa. Zikizidi, hubanana na sauti ikafa. Vibuyu vya kutikisa vilikuwa kumi na viwili, vidogo, vikavu, shingo zake zikienea kiganja cha mtoto wa darasa la kwanza. Ndani alitia tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, kama mama yake alivyokuwa akitia kwenye kayamba pale pale Tongoni.

Mwalimu Dorkasi, Mbondei wa Muheza, alitaka choroko.

"Bibi, hizi si ndizo wanazosema zina sumu?"

"Zina sumu ukizitafuna, mwanangu. Nani atatafuna kayamba? Choroko italiwa na wadudu kabla mwezi haujaandama. Tena inalia kama mvua ya mchangani."

Mwalimu akacheka, yakaisha. Shule haikuwa na hata ngoma moja, na wazazi walialikwa Jumamosi. Wiki nzima Bibi alikuja baada ya adhuhuri na kikapu chake. Alisugua vifuu vya kugonganisha kwa majani ya msasa mpaka vikateleza kama shavu la mtoto. Akatengeneza zeze la uzi mmoja wa mkonge. Kila kitu alikifanya polepole, isipokuwa vizibo. Kizibo cha kibuyu huchongwa kwa gunzi kavu, na magunzi yake makavu yalikuwa yamekwisha jikoni. Basi akachonga magunzi ya mahindi mabichi waliyochemsha jana yake. Yalikaza vizuri sana.

"Yatatosha," alisema, neno ambalo hakuwa na desturi ya kulisema juu ya kazi yake.

Gunzi bichi likikauka hunywea.

Alhamisi watoto walikuwa katikati ya wimbo Bibi aliposikia kibuyu kimoja kikikohoa. Akainua kichwa. Kizibo kilikuwa kinabingirika sakafuni, na mbegu zimetawanyika miguuni mwa watoto.

"Simameni hapo hapo! Mtu asiinue mguu!"

Alipiga magoti, akaokota moja moja, akaziweka kwenye upindo wa leso yake. Akahesabu. Ishirini na saba. Akahesabu tena. Ishirini na saba. Akakung'uta kibuyu, akatazama viganja vya watoto wote. Hakuna.

Ndipo alipomwona Mwanasiti. Kibuyu kilikuwa chake. Midomo ameibana, shavu moja limetuna kidogo, macho yapo kwenye fimbo ya mwalimu. Jana yake waliambiwa kwamba atakayevunja kibuyu chake hatapiga mbele ya wazazi. Mtoto alikuwa anaficha kosa lake mahali pekee alipoona pa kulificha.

"Mwanasiti!" Mwalimu alipiga kelele. "Tema! Tema sasa hivi!"

Taya la mtoto likakaza.

Bibi alimshika mwalimu mkono. "Taratibu, Mwalimu. Akiuma meno, tumemkosa."

Alitamani kumtia kidole mdomoni, lakini mtoto akishtuka angezisaga mbegu. Kwa hiyo akakaa chini, miguu ameinyoosha, akachukua vifuu viwili. Ko. Ko-ko.

"Imbeni, wanangu."

Watoto wakaimba: "Kuku wa bibi yu wapi?"

Pa kuitikia palikuwa pa Mwanasiti peke yake. Kimya. Bibi hakukatiza. Ko. Ko-ko.

"Hukuvunja kitu, mjukuu wangu. Kizibo ndicho kibovu, na kizibo nimechonga mimi. Mwenye kosa ni mimi."

"Kuku wa bibi yu wapi?"

Kimya tena, ila koo la mtoto lilipanda na kushuka. Bibi aliliona. Akaendelea kupiga.

"Kuku wa bibi yu wapi?"

"Aaa... hayupo."

Bibi alikuwa ameshakinga kiganja chini ya kidevu. Moja. Mbili. Zimelowa, nzima. Akapitisha kidole kwenye mashavu yote mawili.

"Ya tatu, mama?"

"Nimemeza."

"Uliitafuna?"

Mtoto akafikiri. "Sijui."

Dresa wa zahanati, Timotheo, alimtazama ulimi, akambonyeza tumbo. "Gamba lake gumu. Ikiwa nzima, itapita. Akitapika au akiharisha damu, msiningoje mimi, mkimbizeni hospitali Tanga."

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia Semeni, mama yake. Bibi hakumtuma mtu. Alisema yote, na gunzi bichi akalisema. Semeni alisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Watatu nimezika, Bibi," alisema. "Huyu..."

Bibi akahamia pale na mkeka wake. Kila Mwanasiti alipokwenda haja, alikwenda kwenye beseni, na kila mara Bibi alichambua kwa kijiti, bila haraka, bila kuziba pua. Ijumaa hakuna. Mtoto akishika tumbo, Semeni anasimama. Mtoto akicheka, Semeni anakaa. Katikati ya kungoja Bibi alichonga kizibo kipya kwa gunzi kavu aliloliomba kwa jirani.

Jumamosi asubuhi sauti za vibuyu zikawafikia kutoka shuleni. Zilikuwa za choroko. Mwalimu alikuwa amemwaga tipitipi zote shimoni. Vibuyu vililia kama mvua ya mchangani.

"Bibi, haja," akasema Mwanasiti.

Bibi alichambua kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akasimama, akaenda kwenye mtungi, akaosha kitu, akakigeuza geuza juani. Hakikuwa na ufa. Alirudi kiganja wazi.

"Thelathini," alisema.

Semeni alikaa kizingitini, akajifunika uso kwa kanga.

"Basi niende nikapige?" aliuliza mtoto.

Bibi akatoa kibuyu cha mtoto chini ya mkeka, sasa kimetiwa choroko. Alikivuta kizibo mara tatu, kwa nguvu zake zote. Hakikutoka. Ndipo akampa.