Viganja vya Hio Lam

Mwanangu Hio Lam alimaliza wali wake, akasimama, akagonga viganja mara moja, akavionyesha juu, akavionyesha chini, ndipo akaondoka mezani.

Nikaacha kutafuna.

Hapa Makau kila mtoto anaijua ishara hiyo. Mgawa karata haondoki kwenye meza ya kasino kabla ya kuionyesha kamera ya darini kwamba hakubeba kitu. Mifuko ya sare yake imeshonwa, haina pa kutia hata kidole. Mimi niligawa karata miaka kumi na mmoja, nikajisomea diploma, nikahamia ofisi ya shule ya msingi, na ishara hiyo ikanitoka ndani ya mwezi. Mume wangu, Kam Fai, ana miaka ishirini na miwili mezani. Kwenye harusi ya dada yake aliinuka na kuonyesha viganja mbele ya wageni wote, ukumbi mzima ukacheka.

Lakini Hio Lam anasomea uuguzi, mwaka wa tatu. Niliapa kwamba mtu mmoja katika nyumba hii hatasimama kwenye meza ile. Najua basi la shule yetu, madawati, na zile pataka, pesa yetu ya hapa, ambazo serikali hutugawia kila mwaka vyote vinatoka kwenye kasino. Ndiyo sababu niliapa. Mwaka ule wa korona meza zilifunikwa vitambaa, na mtaa wetu wote wa Iao Hon ukakaa nyumbani kutazamana.

"Hio Lam, leo mlisoma nini?"

"Shinikizo la damu, Mama."

"Jana pia ulisema shinikizo la damu."

"Damu ni nyingi, Mama."

Kam Fai alicheka haraka mno. Akainuka, akachukua kijiti cha meno, akaenda kusimama dirishani.

Mimi si mtu wa kupekua mabegi ya watu. Asubuhi, Hio Lam alipokuwa anaoga, nilipekua lake. Kitabu cha uuguzi kilikuwa na alama ukurasa wa sitini na mbili. Siku tatu baadaye nikapekua tena: sitini na mbili. Kucha zake alikuwa amezikata fupi kabisa, lakini wauguzi nao hukata. Hiyo haikunitosha. Nilitaka mikono yake iseme yenyewe.

Jumapili nilinunua biskuti za lozi, zile za duara zinazolingana na sarafu za plastiki za kasino. Nikapanga ishirini, moja juu ya nyingine, nikamsogezea akiwa anasoma ujumbe kwenye simu.

"Gawa mafungu manne, mwanangu. Moja la bibi."

Hakuinua macho. Vidole vyake viliushika mnara ule, vikaukata mara nne, tano tano, bila kuhesabu, vikanyoosha mafungu yakakaa mstari mmoja. Kisha viganja: juu, chini. Halafu akauona uso wangu.

"Wiki ya ngapi?" nikauliza.

"Mama, ngoja..."

"Wiki ya ngapi?"

"Ya sita. Nimefaulu mtihani wa kugawa. Kazi naanza tarehe moja."

"Na chuo?"

"Nimeomba likizo ya muhula mmoja tu."

"Likizo! Nawajua walioomba likizo. Mpaka leo wako mezani, watoto wao wameoa, na bado wako likizo."

"Mama Hio Lam, usimfokee mtoto," Kam Fai akasema.

"Kumbe wewe ulijua?"

Akainuka kwenda dirishani, mikono ikining'inia tu. Hapo ndipo nilipoona kitu nilichopaswa kukiona tangu ile siku ya kijiti cha meno. Nilikuwa nimeitazama mikono ya mtoto nikasahau ya mume.

"Rudi, Kam Fai. Kaa. Haya, simama tena."

"Nini sasa?"

"Viganja vyako viko wapi? Miaka ishirini na miwili unanionyesha viganja, leo vimekwenda wapi?"

Akakaa. Akakitazama kitambaa cha meza.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwezi wa tisa. Walipofunga kasino yetu, wenzangu walipelekwa zile kubwa. Mimi wakaniambia mgongo wangu hauwezi tena kusimama zamu nzima."

"Na kila asubuhi unaniaga unakwenda wapi?"

"Bustanini. Nacheza sataranji na wazee."

"Wanakufunga?"

"Kila siku."

Hio Lam alikuwa analia sasa, lakini kwa hasira. "Lazima mmoja alete kitu nyumbani, Mama. Mshahara wako peke yake hautoshi kodi ya nyumba. Hapa kuna kazi gani nyingine? Nionyeshe moja!"

"Ipo. Mlinzi wa geti la shule yetu anastaafu. Kazi ina kiti."

"Geti?" Kam Fai akashtuka. "Mimi nimegawia mamilionea!"

"Vizuri. Sasa utawafungulia watoto wao."

Hio Lam akafuta pua. "Na huo mshahara wa geti unatoka wapi, Mama? Kwenye kodi ya kasino. Pesa ileile, imezunguka kona tu."

"Najua inakotoka. Baba yako amebakiza miaka michache ya kazi, wewe umebakiza arobaini. Meza zikifunikwa tena, mgonjwa bado atataka sindano. Jumatatu unarudi darasani."

Akasema sawa. Alisema upesi mno.

Wiki mbili baadaye Kam Fai alikuwa getini. Chuoni nilipiga simu mara mbili, wakaniambia Hio Lam anahudhuria. Lakini kuingia darasani si kukaa. Jioni hiyo, tulipomaliza supu, aliinuka na mabakuli mawili kila mkono. Tangu azaliwe hajawahi kutoa vyombo bila kuamriwa, na mikono iliyojaa haina viganja vya kuonyesha.

"Weka chini."

"Mama, nasaidia tu."

"Tangu lini? Weka. Kaa. Simama tena."

Akaweka, akakaa, akasimama. Vidole vilicheza kidogo. Kisha akavitumbukiza vyote kumi kwenye mifuko ya koti lake jeupe la chuo.

"Umeridhika?"

Mgawa karata hana mifuko. Lakini hilo yeye analijua kama ninavyolijua mimi.

Nyuma yake Kam Fai aliinuka, akagonga viganja, juu, chini.

"Baba, nani anakutazama huku?"

"Mama yako."

Nilimwamini Hio Lam nusu. Nusu nyingine nitamwamini nikikishika cheti chake mkononi.