Mume wa Msemaji wa Tatu

Sauti ya Agneta Nabwile ilipotea Alhamisi mchana, akiwa ofisini kwake Kitale, katikati ya simu. Alikuwa na mafua tangu mwanzo wa wiki, akayapuuza jinsi alivyozoea kupuuza ugonjwa wowote usiomlaza kitandani. Jioni alipofika nyumbani alifungua mdomo amsalimie mumewe, kikatoka kitu kama upepo unaopita chini ya mlango.

Wakhungu aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Umesema nini?"

Agneta akajaribu tena, kisha akaketi na kuweka mkoba sakafuni.

Kesho yake alitarajiwa Bungoma, kwenye kongamano la kazi na uongozi. Alikuwa msemaji wa tatu asubuhi. Hotuba aliiandaa kwa majuma kadhaa. Alianza kazi kama karani wa masjala, akawa afisa wa wafanyakazi, akahamishwa huku na huku na serikali, na sasa alikuwa mkuu wa wafanyakazi katika ofisi aliyoingia zamani akiwa anabeba mafaili. Watu wa kongamano walitaka vijana wasikie safari hiyo.

Wakhungu alimchemshia tangawizi na ndimu, akamfunga shuka mabegani, akasema kesho sauti itakuwa imerudi. Haikurudi. Kulipokucha Agneta alikuwa bado anapumua maneno badala ya kuyasema.

"Piga simu, waambie umeshindwa," Wakhungu alisema.

Agneta alitikisa kichwa. Akamwonyesha kidole.

"Mimi nini?"

Akamwonyesha tena, halafu akaonyesha karatasi za hotuba mezani.

"Mama Ian, hapana. Mimi ni fundi. Nitasimama mbele ya wale watu niseme nini?"

Agneta alimsogelea, akamnong'oneza sikioni kwa shida. "Utasoma tu. Umenisikia nikiisoma mpaka umeishika."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa amemsikia akiisoma jikoni, akiisoma kwenye varanda, akiisoma akiwa amesimama juu ya stuli huku yeye Wakhungu akimpimia pindo la gauni la siku hiyo, gauni la rangi ya zambarau alilomshonea mwenyewe. Na siku ile ya kupima gauni ndipo walipokosana.

Agneta alikuwa amefika kwenye sehemu inayomhusu mumewe. Wakhungu akatoa pini mdomoni akasema, "Hiyo toa."

"Kwa nini? Ni ukweli."

"Ni ya nyumbani. Si ya watu."

"Unaona aibu?"

Alipiga pini mbili kwenye pindo kwanza. Kwao Ndalu walikuwa wanasema amekaliwa chapati, yaani anatawaliwa na mkewe. Kakake mkubwa, Wabwile, alimwambia hivyo mbele ya wazee mwaka ule alipofunga duka lake la kushona Bungoma mjini ili amfuate Agneta Lodwar. Akamwambia tena walipohamia Kapenguria. Mwanamume hufuatwa, Wabwile alisema, hafuati. Wakhungu alikuwa ameyazoea maneno hayo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini si hayo tu yaliyomsumbua.

"Ukisema niliacha kazi kwa sababu yako," alimwambia, "watu watanihurumia. Watafikiri nilipoteza kitu."

Agneta alimtazama kutoka juu ya stuli. Akasema, "Sawa. Nitaitoa." Mambo yakaishia hapo.

Kwa hivyo Ijumaa asubuhi Wakhungu alivaa suti yake ya harusi za watu, wakaingia kwenye gari lao dogo, wakashuka kuelekea Bungoma. Agneta alikuwa amejifunga skafu shingoni. Kila alipotaka kusema kitu njiani, Wakhungu alimwambia anyamaze, na alilifurahia jambo hilo kuliko ilivyofaa.

Ukumbini walipokewa na Ciru, msichana mchangamfu kutoka Kitale aliyekuwa akiongoza programu. Alipoelezwa yaliyotokea alishika kichwa kidogo, kisha akafikiri.

"Ni sawa, tutapanga. Mama atakaa hapo mbele, mzee atasoma. Lakini kila msemaji lazima nimtambulishe. Mzee, profaili yako inasemaje?"

"Sina profaili."

"Background ya kazi tu. Maneno machache."

Mbele yao msemaji wa kwanza, Bwana Gichuki, alikuwa akitambulishwa na msaidizi wa Ciru. Alikuwa amesimamia kiwanda, akasimamia benki, akakaa kwenye bodi hii na ile, na msaidizi alikuwa ameshageuza ukurasa na bado anaendelea. Bwana Gichuki mwenyewe alikuwa amesimama kando ya maikrofoni akisubiri wasifu wake umalizike, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Andika mume wa Agneta," Wakhungu alisema.

Ciru alicheka. "Hiyo si kazi, mzee."

"Siku zingine ni kazi."

Agneta alimpiga kofi dogo begani, kisha akamnong'oneza Ciru neno. Ciru akaandika kitu kwenye simu yake na kuondoka.

Wakhungu aliketi, akatazama watu. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana waliovaa vizuri kwa ajili ya kuonwa na waajiri, maafisa wa kaunti, na viongozi wa vyama vya wakulima kutoka Kabuchai, Naitiri na kwingineko. Katika safu ya tatu, mwenye kofia ya pama magotini, alimwona Wabwile.

Alikuwa amesahau kabisa kwamba kakake siku hizi ni mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa mahindi kule Ndalu. Wabwile naye alikuwa amemwona. Aliinua mkono nusu, uso umejaa mshangao.

"Mama Ian," Wakhungu alinong'ona, "Wabwile yuko hapa."

Agneta aliitikia kwa kichwa kuonyesha amekwisha kumwona.

Zamu yao ilipofika, Ciru alishika maikrofoni. Alisoma wasifu wa Agneta, akaeleza habari ya sauti, watu wakaguna kwa huruma. Kisha akasema, "Atakayetusomea ni mzee Wakhungu, fundi wa nguo Kitale. Hilo gauni mnaloliona ni kazi yake. Na ni mume wake." Makofi yakapigwa, hasa na akina mama.

Wakhungu alianza vibaya. Mstari wa kwanza aliusoma kwa haraka, wa pili akaurudia. Lakini alipofika kwenye habari ya Agneta akiwa karani mgeni, akipotea na mafaili kwenye korido hadi akaogopa kuuliza njia, alisikia vijana wakicheka, akatulia. Alizijua sentensi hizo. Alijua ni wapi Agneta huvuta pumzi na ni wapi huinua uso. Akawa anainua uso pale pale. Hatua chache kando, kwenye meza ya mbele, Agneta alikuwa akisogeza midomo bila sauti, wakienda pamoja.

Aligeuza ukurasa, akaiona. Ilikuwa pale, sehemu yote, kuanzia juu mpaka karibu na chini. Hakuwa ameitoa.

Wakhungu alikohoa. Akaruka mpaka aya ya mwisho. "Kwa hivyo, vijana wetu," alisoma, "mnapotafuta kazi..."

Kalamu ikagonga meza. Ilikuwa ya Agneta. Wakhungu akajifanya hajasikia.

"Mnapotafuta kazi, msiogope..."

Kalamu ikagonga tena, kwa nguvu, na maikrofoni ya mezani ikaibeba sauti hiyo ukumbi mzima. Kisha Agneta akasimama. Alimjia kwa hatua za polepole, gauni la zambarau likimeremeta, akaweka kidole juu ya ukurasa, mahali alipopaswa kusoma, na hakukiondoa.

Watu wakaanza kucheka. "Soma yote, mzee," mtu wa nyuma alisema. "Usiruke bana."

Wakhungu alimtazama mkewe. Alimjua mwanamke huyu tangu akiwa mwanafunzi anayekuja dukani kwake kurekebishiwa sketi, na alijua kidole hicho hakitaondoka. Akashusha macho.

"Wasifu wangu mliosomewa," alisoma, "unasema nilienda Nairobi kusomea usimamizi. Hausemi kwamba nilikuwa na mtoto anayenyonya, na chuo hakikukubali watoto. Mume wangu..."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko kusikia sauti yake nzito ikisema mume wangu. Yeye mwenyewe akatabasamu bila kutaka. Alisubiri watulie.

"Mume wangu alifunga duka tena, akakodi chumba karibu na chuo. Kila siku wakati wa chakula cha mchana alikuja getini na mtoto mgongoni, amefungwa kwa leso, ili nimnyonyeshe. Jua likiwaka alikuja. Mvua ikinyesha alikuja. Wanaume waliopita barabarani walimcheka, na mimi niliwasikia. Yeye alinionyesha meno mapya ya mtoto."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wakhungu aliona maneno yaliyofuata na hakutaka kuyasoma, lakini kidole kilikuwa pale.

"Nilipandishwa cheo mara nyingi, na kila mara nilipewa mkono na wakubwa. Yeye hakuna aliyempa mkono. Wengine walimpa majina. Mengi niliyojifunza darasani nimeyasahau. Mtu anayekuja kila siku, bila kukumbushwa, huyo nimemkumbuka, na nimejaribu kuwafanyia hivyo watu walio chini yangu. Hapo ndipo..."

Sauti yake ikakwama. Alijaribu mara ya pili, haikutoka. Alisimama tu, na mkewe kando yake, wote wawili hawana sauti mbele ya ukumbi mzima. Ciru alikimbia na chupa ya maji. Wakhungu akanywa, akajipangusa mdomo, akamaliza yaliyobaki kwa sauti ndogo, pamoja na ile aya ya vijana, ambayo safari hii hakuna aliyeigongea meza.

Walipigiwa makofi marefu. Bwana Gichuki alivuka jukwaa, akampa Wakhungu mkono, akamshika kwa mikono yote miwili.

Wakati wa chakula, Wakhungu alikuwa kwenye foleni ya ugali na kuku alipohisi mtu nyuma yake. Alijua ni nani kabla hajageuka.

"Ndugu yangu," Wabwile alisema.

"Kaka."

Walisogea na foleni. Wabwile aliizungusha kofia mkononi. Alikuwa amezeeka, Wakhungu aliona, hasa shingoni.

"Hiyo ya geti sikuijua," Wabwile alisema.

"Hukuniuliza."

"Ni kweli, sikuuliza." Akachukua sahani, akaipangusa kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Unamjua Chelangat, bibi ya kijana wangu Mukhisa?"

"Mwalimu."

"Huyo. Amepewa kazi Garissa. Kazi mzuri, ya kusimamia walimu wengine. Mukhisa amenipigia simu juzi ananiuriza afanye aje. Mimi nikamwambia mwanaume hafuati bibi. Nikamwambia..." Akasita. "Nikamwambia asikuwe kama wewe."

Wakhungu alimtazama mpishi akimwekea ugali. "Na akasema nini?"

"Alinyamaza. Sasa wamekasirikiana, yeye na bibi yake. Mama Mukhisa analia." Wabwile alishusha pumzi. "Nitampigia. Lakini mimi siwezi kumwerezea hiyo maneno. Nikimpa namba yako, utaongea na yeye?"

"Nitaongea na yeye."

"Umwambie ukweri. Kama ni ngumu umwambie ni ngumu."

"Kuna siku ilikuwa ngumu," Wakhungu alisema. "Nitamwambia hizo pia."

Wabwile akaitikia, akaenda kumtafuta Agneta. Wakhungu alimwona kutoka mbali akimpa mkono shemeji yake, akiinama kidogo zaidi ya kawaida, na Agneta akimwonyesha koo lake kueleza kwa nini hasemi.

Waliondoka alasiri, jua likiwa bado kali juu ya mashamba ya miwa. Walikwenda mpaka wakapita Webuye.

"Uliniambia umeitoa," Wakhungu alisema.

Agneta alisogea karibu na sikio lake. "Niliitoa. Halafu nikairudisha."

"Na hiyo sauti? Ama ulijifanya?"

Alimpiga kofi begani mara ya pili siku hiyo. Wakhungu alicheka, akaendesha. Alikuwa ametarajia kuwa na hasira na alikuwa ameitafuta hasira hiyo tangu Bungoma. Hakuipata. Alichokuwa nacho ni uchovu mtamu, kama wa mtu aliyemaliza kushona sare za shule nzima.

Kamukuywa walisimama wanunue parachichi. Alipokuwa akiyapanga kwenye kiti cha nyuma alisema, bila kumtazama, "Kuna mahali ulikosea lakini."

Agneta aliinua nyusi.

"Hapo kwa mvua na jua. Umefanya ionekane nilikuwa nateseka. Wale askari wa geti walikuwa na kibanda. Walikuwa wananiwekea chai na mandazi, tunacheza drafti mpaka utoke. Mtoto alikuwa analala kwa koti ya mmoja wao. Mimi kukikucha nilikuwa nangoja saa saba ifike."

Agneta alimkodolea macho. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia. Alianza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega yakitetemeka, machozi yakimtoka, hadi kikageuka kikohozi ikabidi ashike mlango wa gari.

"Usicheke, utaumiza koo," Wakhungu alisema, akamfungulia chupa ya maji, akasimama pale kando ya barabara akimsubiri amalize kunywa.