Feni Isiyo na Swichi

Naivo fundi alikuwa na kichwa kigumu, na nasema hivi nikiwa nampenda. Mkewe Voahangy alimwambia mara tatu, "Baba Lanto, iwekee hiyo feni swichi," na mara tatu akachekwa. Pikapu yao, Peugeot 404 iliyotoka kiwandani kabla Naivo hajazaliwa, ilikuwa inachemsha maji kila ilipopanda milima yetu ya Bongolava, hasa miezi ya joto. Feni yake ya zamani, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ilizembea palepale ilipohitajika, gari likijikokota mlimani. Basi akaing'oa. Akachukua feni ya umeme yenye mapanga ya chuma kutoka kwenye basi dogo lililoungua, akatoa wavu wa mbele wa gari ili ipate nafasi, akaifunga mbele ya rejeta.

Akili ya feni hiyo aliitengeneza mwenyewe, akaifungia ndani ya kopo la dagaa. Maji yakipata moto, kopo linaiwasha, yakipoa, linaizima. Umeme wake aliuvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa sababu injini ikizimwa, joto hupanda kwanza ndipo lishuke.

"Feni yangu haingoji kuambiwa," alijigamba mbele ya mafundi wenzake. "Swichi ni ya watu wanaosahau."

"Na ya watu wanaotaka kulala," Voahangy akamjibu, maana feni ilikuwa ikianza kunguruma uani gari limeshazimwa zamani. Watu wakacheka, mambo yakaishia hapo.

Asubuhi moja ya Novemba, Tovo, mdogo wake Voahangy, aliingia uani akichechemea, paja limepasuliwa kwa mkuki. Hakuomba hata maji. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamevamia kijiji chao, wamefagia zizi, wamechoma nyumba, na baba yake na Voahangy, mzee Ratsimba, wamemkata kwa shoka mlangoni pake. Hawakumkata mara moja. Tovo alihesabu akiwa amejilaza chini ya samadi zizini, ambako mmoja wao alikuwa amechoma mkuki ovyo gizani bila kujua umeingia kwenye nyama ya mtu.

Voahangy aliketi chini, kwenye mafuta ya injini, akalia kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Niliwaona, shemeji," Tovo akamwambia Naivo. "Nyumba zilikuwa zinawaka, niliwaona kama ninavyokuona wewe. Sita. Wote nawajua kwa majina. Nilipotoka zizini wakanitambua, nikaruka mtoni."

"Basi watakufuata."

"Wako njiani. Nifikishe kituoni nikaseme. Nikifa kabla sijasema, baba amekufa kama kuku."

Kituo cha askari kilikuwa mjini, mwendo wa saa tatu kwa barabara ambayo ni barabara kwa jina tu. Walimlaza Tovo nyuma, wakamfunika turubai. Voahangy akapanda mbele, machozi hayajakauka. Naivo alitaka abaki.

"Nibaki nifanye nini? Nipike?" akafoka. "Endesha gari, bwana!"

Waliwakuta wezi kwenye kona ya pili ya mlima. Kwetu mtu anayekatiza vilima kwa miguu hulipita gari linalozunguka na barabara, na wale walikuwa wamekatiza. Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha mbele, chote kikawaangukia mapajani. Ya pili ilitoboa mlango. Mwanamume mmoja mwenye blanketi jekundu alisimama katikati ya njia, mkuki juu, hirizi zimemjaa shingoni. Bila shaka mganga alikuwa amemhakikishia kwamba chuma hakimwingii. Naivo hakupunguza mwendo. Gari lilimpiga kiunoni, akapanda boneti, uso wake ukamtazama Naivo kwa karibu kabisa, kisha akateleza chini na gurudumu la nyuma likampanda. Walisikia mifupa.

"Mungu wangu, Mungu wangu," Naivo alikuwa akisema, mguu haujatoka kwenye pedali ya mafuta.

"Usisimame! Ukisimama nakuua mimi!"

Mbele kidogo, mlima umemegwa na mvua za miaka mingi, ukaacha korongo la udongo mwekundu mtupu, bila jani wala kijiti. Naivo aliliingiza gari humo kinyumenyume mpaka ukutani, akazima injini. Kutoka barabarani usingeliona hata kwa dawa. Sauti zikaanza kusikika juu ya ukingo, watu wanakimbia na kutukanana, mmoja akisema gari haliwezi kufika mbali, lazima liko hapahapa.

Ndipo feni ikawaka.

Ilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, na korongo likauongeza mlio mara mbili. Betri ilikuwa chini ya boneti, na boneti ilifungwa kwa waya wa chuma kwa kuwa kitasa chake kilikufa zamani. Kuifungua kungetaka koleo na dakika tano. Mtu mwenye nafasi ya kufikiri angevua hata kiatu akakichomeka. Naivo hakuwa na nafasi. Alishuka, akaenda mbele ya gari, akatumbukiza mkono wake wa kulia kwenye mapanga.

Panga la kwanza lilichukua vidole viwili. La pili lilivunja kiganja na kukwama kwenye mfupa, feni ikasimama. Naivo alikuwa ameuma kola ya shati lake, na sauti iliyotaka kutoka ilirudi ikamtokea puani. Mota iliendelea kusukuma, inaguna kwa ndani, inatafuta kuzunguka, na kila ilipojaribu ililisaga lile fupa. Alisukuma naye. Alikuwa akilia, akijilaani, akiilaani feni kwa jina la mama yake.

"Nini kile?" sauti ikauliza juu.

"Nyuki hao. Makorongo ya huku yamejaa nyuki."

"Nyuki gani? Shuka ukaone."

"Shuka wewe, kama ngozi yako imekuchosha."

Wakacheka. Waya ndani ya kopo ukanuka kuungua, mota ikafa. Nyayo zikaondoka kuelekea bondeni, moja baada ya nyingine, mpaka zikapotea. Naivo aliegemeza kichwa kwenye boneti. Mkono ulikuwa bado umenaswa, na damu ilikuwa ikichuruzika kwenye rejeta na kukaangika.

Hapo akatokea kijana, kwa upande wa chini wa korongo. Blanketi jekundu, mkuki begani, miguu imejaa vumbi. Alisimama hatua nne kutoka kwa Naivo, akautazama ule mkono, macho yakamtoka. Akafungua mdomo.

Voahangy alikuwa ameshashuka upande wa pili akiwa na ile hendeli ndefu ya kuzungushia injini. Alimpiga nyuma ya kichwa. Kijana alipiga magoti, akainua kiganja, akasema neno moja ambalo Naivo hakulishika. Voahangy akampiga tena, usoni, na tena, na tena. "Baba yangu!" alikuwa akisema kwa pumzi, si kwa sauti. "Baba yangu! Baba yangu!" Aliacha pale hendeli ilipoanza kuingia udongoni. Kisha akaja akaushika mkono wa mumewe, akarudisha mapanga nyuma kwa nguvu zake zote, akautoa, akaufunga kwa shuka lake.

"Tumempata mmoja," akasema. Alikuwa anatabasamu. Naivo hajapata kulisahau lile tabasamu.

Voahangy ndiye aliyeendesha. Hakuwa amewahi kuendesha zaidi ya kutoka uani hadi kisimani, lakini nani angemwambia siku hiyo? Bila feni, gari lilichemsha kila kilima, wakawa wanasimama na kumimina maji ya madimbwi. Walipofika kwenye lango la kituo injini iligonga mara mbili ikakaza kabisa. Askari waliwaingiza wote watatu ndani.

Daktari aliitwa, lakini Tovo alikataa kulala kabla hajasema. Alikaa kwenye benchi, mgongo ukutani, midomo myeupe. Koplo akafungua daftari. Tovo akataja jina la kwanza, na jina la baba yake, na kijiji. Akataja la pili. Alitaja polepole, asikosee, na alipofika la sita Naivo alijikuta analia waziwazi, kwa sababu kazi waliyoifuata ilikuwa imekwisha na mzee Ratsimba hakufa kama kuku.

"Na mmoja kati ya hao gari lilimkanyaga mlimani," Naivo akaongeza.

"Na mwingine nimemmaliza mimi, kule korongoni," Voahangy akasema. Aliinua kidevu. "Tovo, yule alikuwa nani? Mwambie afande aweke alama."

Tovo aliyatazama magoti yake.

"Tovo, nakuuliza. Ulimwona, turubai lilikuwa na tundu."

"Nilimwona, dada."

"Basi ni yupi?"

"Hayumo," Tovo akasema. "Yule alikuwa na kamba ya ndama mkononi. Ni mchungaji tu, alisikia mlio akaja kutazama. Alisema, 'Nisaidie?' Alikuwa anamwuliza shemeji kama asaidie."

Koplo aliinua kalamu, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Nje, gari lilikuwa bado linatoa mvuke. Voahangy aliitazama mikono yake, ambayo hakuwa ameinawa, akaiweka mezani mbele ya askari, juu ya daftari.

"Andika na jina langu," akasema.