Naima Tulishamzika

Mtandao wa maombi ya vyuo ulikuwa unafungwa jioni ile, na Kidawa alikuwa amekwama kwenye jina. Si kwenye alama. Alama alizipata, tena kwa jasho, katika darasa la jioni pale Somanga, mtoto mgongoni, Kemia ikiingia kichwani huku akimtikisa Yassin asilie. Chuo cha uuguzi kingemchukua. Lakini cheti cha kuzaliwa kilisema Naima, na matokeo ya kidato cha nne yalisema Kidawa.

Kosa lilikuwa lake, kama ni kosa. Mwalimu alimwuliza jina siku ya kujisajili, naye akataja jina lake. Naima lilikuwa jina la utotoni, aliliacha unyagoni, na kwao Miteja kumwita mwali aliyekwishachezwa kwa jina la utotoni ni kumtukana yeye na somo yake aliyemfunda. Nani angeenda kujitukana mbele ya mwalimu?

Marietha wa steshenari, aliyekuwa akimjazia maombi, alimwambia dawa ni kiapo. Ndugu aliyemjua tangu kuzaliwa aende kwa wakili, aape kwamba majina mawili ni mtu mmoja. Mama yake Kidawa yuko kaburini. Baba, tangu alipovuka kwenda Msumbiji, hajulikani aliko. Amebaki Bibi Sauda aliyemlea, ambaye pia ndiye nyakanga, kungwi mkuu aliyemcheza unyago.

"Kuapa tu?" Bibi aliuliza njiani. "Mbona jambo dogo. Mjukuu wangu awe nesi, anichome sindano isiyouma."

Wakili wa Kilwa Masoko alikuwa kijana wa bara, mpole, hajamaliza mwaka pwani. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akampa Msahafu.

"Uape, bibi, kwamba Naima na Kidawa ni mtu mmoja."

Bibi aliurudisha Msahafu mezani, taratibu, kama mtu anayetua mayai.

"Hilo siwezi, mwanangu. Naima hayupo."

"Yuko wapi?"

"Tulishamzika."

Kidawa alidakia haraka. "Bibi, mwambie hayo ni maneno ya unyago."

"Maneno ya unyago ndiyo nini, mchezo?" Bibi akamgeukia wakili. "Yule mtoto alikufa. Tukamwimbia, tukamnyoa. Asubuhi yake akazaliwa huyu, akapewa jina la marehemu dada yangu. Mimi mwenyewe nilimpokea. Sasa nishike maneno ya Mungu niseme yule na huyu ni mmoja? Kwa umri huu, na safari yenyewe imekaribia?"

Wakili akaweka kalamu chini. Kidawa alimweleza, akarudia, maneno yakigongana mdomoni.

"Nakuelewa, dada," wakili alisema. "Lakini shahidi amenitamkia mwenyewe kwamba mwenye cheti amekufa. Nikigonga muhuri juu ya hayo, najipeleka jela. Huna ndugu mwingine?"

Hakuwa naye.

"Basi jaribu mwakani."

Mwakani. Shamte, mumewe, alimruhusu mwaka huu tu, tena kwa kuombwa na watu. Mwakani wanahamia Mitwero kwa mama mkwe, na Shamte alishasema masomo yaishie hapo.

Walitoka, wakakaa kwenye ngazi za nje.

"Umenuna," Bibi alisema.

"Sijanuna."

"Chuo hicho nakuombea kila swala, mwanangu. Nisikuombee mimi, nani?"

"Najua, bibi."

Na alijua kweli. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba hakuwa na wa kumkasirikia.

"Niite," alisema kwa sauti ya chini. "Mara moja tu. Hapa hamna mtu. Labda ukilitamka, ulimi utalizoea, turudi ndani."

Bibi akafumbua mdomo. Akamtazama mjukuu wake, midomo ikicheza, machozi yakimlenga. Kisha akaukaza ushungi wake.

"Kidawa," alisema, "mnyonyeshe mtoto, ana njaa."

Kidawa akamfungua Yassin mgongoni, akampakata. Ndani, wakili alikuwa akimwita mtu mwingine.