Mpira Alioukana Reuben

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kabla hakujapambazuka. Reuben Tattersall alikuwa amekwisha kuvaa koti. Hilda, mkewe, alijua aendako. Alimfungia mkate wenye jibini, akamzungushia skafu shingoni, akamwambia basi la kwanza haliwangoji wenye kusitasita, na Amos Birtle naye, kwa walivyosikia, hana siku nyingi.

Miaka arobaini nyuma Reuben aliichezea kaunti yake kriketi, mechi tisa tu, kiangazi kimoja. Enzi hizo mpigaji aliyejua kwamba mpira umegusa gongo lake kabla ya kudakwa hakumngoja mwamuzi. Aliondoka mwenyewe, zamu yake imekwisha. Katika mechi yake ya kwanza, mpira uliorushwa na Amos ulipita ukaligusa gongo la Reuben, mguso mwepesi kama ukucha juu ya meza. Ukadakwa. Amos akaruka kwa furaha. Mwamuzi hakusikia kitu. Reuben akasugua kiwiko, kana kwamba mpira umempiga hapo, akabaki. Akapata mikimbio sabini na moja na makofi mengi. Amos, aliyekuwa kwenye majaribio ya timu pinzani, aliambiwa kelele anazo ila mpira hana, akarudishwa mgodini.

Sasa vumbi la makaa ya mawe lilikuwa limemkalia Amos kifuani. Alipomwona Reuben anaingia nyumbani kwake akichechemea, alitoa mto mgongoni mwake akamwekea kitini. Mto ule ulimuumiza Reuben kuliko tusi.

"Ule mpira, Amos," alisema. "Niliugusa."

"Najua. Hata ng'ombe wa ng'ambo ya uzio walisikia."

"Nimekuja kukuomba radhi."

Amos alikohoa kwa muda mrefu. Akasema yeye alikwisha kumsamehe mwamuzi zamani, maana mzee yule alikuwa nusu kiziwi. Kisha akachochea moto.

"Wewe bado, bwana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siwezi kukwambia si kitu ili ukalale vizuri."

Reuben akaitikia kwa kichwa, akainuka. Akapapasa mkono wa koti, asiupate. Amos akajikongoja, akamshikia koti mpaka likamkaa, wote wawili wakihema.

"Alhamisi binti yangu huwa hayupo," Amos alisema mlangoni, akitazama barabara. "Sina mtu wa kuzungumza naye kriketi. Njoo tena."